Nyumba Juu ya Udongo Mweusi Unaovimba: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Anayejenga kwenye udongo mweusi wa mbugani, uwe wa Shinyanga, wa tambarare za Kano karibu na Kisumu, au wa upande wa mashariki wa Nairobi kuelekea Athi River, hukutana na matatizo yanayofanana. Ukuta hupasuka kimshazari, sakafu hunyanyuka katikati, mlango hukataa kufunga wakati wa masika na kufunga vizuri kiangazi, na shimo la maji machafu lililochimbwa kwa gharama kubwa hujaa baada ya mvua chache. Fundi akiitwa huleta saruji. Ufa huzibwa, hupigwa plasta na kupakwa rangi, kisha msimu unaofuata hurudi palepale au pembeni kidogo. Inaumiza kuona familia iliyojinyima kwa miaka mingi ikitumia tena fedha yake kwa namna hiyo, kwa sababu chanzo cha karibu matatizo yote haya si uzito wa nyumba wala ubaya wa tofali. Chanzo ni mabadiliko ya maji ndani ya udongo, hasa pale yanapokuwa tofauti kati ya upande mmoja wa nyumba na mwingine. Kabla ya kununua mfuko wowote wa saruji, tafuta mahali maji yanapoingia ardhini na mahali yanapotoka.

Kinachotendeka ndani ya udongo

Udongo huu una madini mengi ya kundi la smektaiti, na mashuhuri kati yake ni montimorilonaiti. Chembe zake zimejengwa kwa tabaka bapa zenye unene wa takriban nanomita 1, yaani milimita 1 iliyogawanywa mara milioni. Tabaka hizo zina chaji hasi, nayo husawazishwa na ioni, yaani atomi zenye chaji, hapa chaji chanya, za kalsiamu, magnesiamu au sodiamu zilizokaa katikati yake. Maji yakifika, ioni hizo huyavuta, nayo huingia baina ya tabaka safu kwa safu ya molekuli. Kufikia safu ya tatu, umbali kutoka tabaka moja hadi nyingine huwa umeongezeka kutoka nanomita 1 hivi hadi karibu 1.9. Kalsiamu, yenye chaji mbili, huzishikilia tabaka zisiachane zaidi ya hapo. Sodiamu haina nguvu hiyo, na udongo wenye sodiamu nyingi unaweza kuendelea kufunguka hadi chembe zikaelea majini kila moja peke yake. Tofauti hii kati ya kalsiamu na sodiamu ishikwe vizuri, kwa sababu tiba kadhaa zilizo hapa chini zimejengwa juu yake.

Ukihesabu na nyuso za ndani, gramu 1 ya montimorilonaiti ina eneo linalokaribia mita za mraba 800. Kaolinaiti, ambayo ndiyo madini ya mfinyanzi yanayotawala kwenye udongo mwingi mwekundu wa miinukoni, ina mita za mraba 10 hadi 20 tu, na maji hayaingii kati ya tabaka zake. Ndiyo maana jirani aliyejenga mteremkoni, mita mia chache tu kutoka kwako, anaweza kuishi miaka mingi bila ufa. Mpangilio huu wa udongo mwekundu juu na mweusi bondeni ulielezwa kwa makini katika miaka ya 1930 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, na bado ni mwongozo mzuri kwa mtu anayetafuta kiwanja.

Msingi wa nyumba isiyo na ghorofa hukandamiza ardhi kwa makumi kadhaa ya kilopaskali (kipimo cha shinikizo), ilhali udongo wa smektaiti uliokauka ukilowa unaweza kusukuma juu kwa zaidi ya kilopaskali 200. Nyumba nyepesi ndiyo inayonyanyuliwa kwa urahisi zaidi, jambo ambalo wengi hulielewa kinyume.

Hakikisha kwanza kuwa ndio udongo wenyewe

Rangi nyeusi peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa kuwa kuna udongo mweusi wenye mboji usiovimba na udongo wa kijivu unaovimba sana. Chimba shimo la mita 1.5 hivi pembeni ya kiwanja mwishoni mwa kiangazi, ukae ndani yake na kuchunguza kuta. Udongo unaovimba huwa na nyuso zilizolala kimshazari, laini na zenye kung'aa, zenye mistari myembamba ya msuguano, kwa sababu mapande makubwa ya udongo yamesukumana na kuteleza moja juu ya jingine msimu baada ya msimu. Juu ya ardhi utaona nyufa ambazo mkono huingia, na mara nyingine vijinundu na vibonde vinavyopokezana.

Kipimo kinachofuata hakihitaji maabara. Kausha udongo, utwange, uupitishe kwenye chujio laini, kisha upime gramu 10 mara mbili. Weka fungu moja kwenye silinda ya kupimia yenye maji safi na la pili kwenye silinda nyingine yenye mafuta ya taa. Koroga polepole viputo vya hewa vitoke, uache vitulie kwa saa 24 au zaidi. Mafuta ya taa hayavutwi na ioni zilizo katikati ya tabaka, kwa hiyo udongo uliomo humo hukaa chini kwa ujazo wake wa kawaida, mkavu wa tabia ingawa umelowa. Kwenye maji utaona usawa wa udongo ukipanda, na tope la juu likiwa laini lisilo na mpaka ulio wazi. Tofauti ya ujazo kati ya silinda mbili, ukiigawanya kwa ujazo uliomo kwenye mafuta ya taa, ndiyo kiasi cha kuvimba. Kikipita asilimia 50, chukua tahadhari zote. Kikikaribia au kupita asilimia 100, usijenge bila mhandisi.

Dalili ya kwanza: ufa wa ukutani

Ufa unaotokana na udongo huu kwa kawaida huanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari kwenye viungo vya tofali. Usiuzibe bado. Chora kwa penseli mstari mwembamba unaoukata ufa, andika tarehe pembeni, pima upana wake kwa rula sehemu ya juu na ya chini, na urudie kila mwezi kwa mwaka mmoja ukiweza, au angalau upitishe masika moja na kiangazi kimoja. Daftari hilo lina thamani kuliko maoni ya mafundi watatu, kwa kuwa ufa unaopanuka na kufunga kwa kufuata mvua ni wa udongo unaovimba, ilhali ufa unaopanuka tu bila kurudi unaweza kuwa wa kifusi kinachotitia au wa ukuta wenyewe.

Upana wa juu na wa chini ndio unaoeleza mwendo wa msingi. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini maana yake kingo za nyumba zimeshuka kuliko katikati, au katikati imepanda kuliko kingo. Ukipanuka kiangazi, ardhi ya pembeni inakauka na kusinyaa, wakati ile iliyofunikwa na jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, imehifadhi unyevu wake. Hapo hapatakiwi kuongezwa maji kwa pupa. Kinachotakiwa ni kupunguza ukaukaji, na njia nafuu ni kujenga baraza la zege au la mawe lenye upana wa mita 1.5 hadi 2 kuizunguka nyumba yote, likiinamia nje, na kiungo chake na ukuta kikizibwa kwa kitu kinachonyumbuka.

Ufa ulio mpana chini na mwembamba juu hueleza kinyume chake, kwamba kingo zimenyanyuliwa. Dalili hii hujitokeza zaidi mvua za kwanza zinapoingia baada ya ukame mrefu, kwa sababu maji hupenya kupitia nyufa za ardhini hadi usawa wa msingi kabla udongo wa juu haujavimba na kuziba njia. Tembea kuizunguka nyumba mvua ikiwa inanyesha. Angalia paa lisilo na mifereji linavyomwaga maji mstari mmoja kando ya ukuta, bomba la mfereji linaloishia chini ya msingi badala ya kupelekwa mbali, bustani ya maua inayomwagiliwa kila jioni chini ya dirisha, na ardhi inayoinamia nyumbani badala ya kuinamia nje. Nyumba nyingi zinazodhaniwa kuwa zimeharibika kabisa hutulia baada ya mifereji kuwekwa na maji kupelekwa mita kadhaa kutoka ukutani.

Kona moja ikisumbua peke yake, sababu nayo iko karibu na kona hiyo. Mara nyingi ni bomba lililopasuka chini ya bafu, chemba inayovuja, tangi linalofurika usiku, au mti. Funga bomba zote na usome mita ya maji. Ikiendelea kusogea, umepata sehemu ya jibu. Kuhusu mti, mkaratusi uliopandwa karibu na nyumba hunywa maji mengi kutoka kwenye udongo na kuushusha, na kanuni ya tahadhari ni kuuweka mbali kwa umbali usiopungua urefu utakaoufikia. Hata hivyo, mti mkubwa ulio karibu na nyumba usikatwe kwa siku moja bila kufikiri, kwa kuwa udongo ulioukausha kwa miaka mingi utaanza kurudisha maji yake polepole, na utaendelea kuvimba kwa miaka. Kwa sababu hiyohiyo, kiwanja kilichosafishwa miti mikubwa mwaka huu si mahali pa kuchimba msingi mwezi ujao.

Nyufa zisizozidi milimita 5 kwa kawaida ni suala la umaliziaji na uangalizi. Zikizidi milimita 15, au ukuta ukiinama, au lenta ikikatika, mwite mhandisi, na chumba hicho kisilaliwe hadi atakapokikagua.

Sakafu iliyonyanyuka katikati

Tatizo hili huchelewa kuonekana. Nyumba hukaa miaka miwili au mitatu ikiwa salama, kisha sakafu ya sebuleni huanza kupanda na kuta za ndani zisizobeba paa hupasuka karibu na dari. Jamvi limezuia jua na upepo kukausha ardhi iliyo chini yake, hivyo unyevu unaopanda kutoka chini hukusanyika bila njia ya kutokea, na udongo uliokuwa mkavu siku ya kumwaga zege huvimba taratibu. Kosa kubwa ni kujenga sakafu juu ya udongo uliokauka mwishoni mwa kiangazi, ukiwa mgumu na wenye kuvutia kwa macho ya fundi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, njia ya kweli ni kuvunja sakafu ya chumba husika, kuondoa udongo mweusi kwa kina ambacho mhandisi atakiona kinafaa, kujaza moramu isiyovimba na kuishindilia kwa tabaka, kisha kumwaga sakafu mpya isiyofungwa kwenye kuta. Kwa nyumba mpya, desturi ya Nairobi ya kuondoa udongo mweusi wote hadi kufikia moramu au mwamba ni nzuri pale unapokuwa na kina kidogo. Unapokuwa na kina kikubwa, ni afadhali kuibeba nyumba kwa nguzo fupi za zege zilizoteremshwa chini ya eneo linalolowa na kukauka, ambalo mara nyingi hufika mita 1.5 hadi 3, na kuacha nafasi tupu chini ya mihimili ili udongo uvimbe bila kuigusa.

Mlango unaokwama mvuani na kufunguka kiangazi ni dalili ileile ikiwa bado changa. Usiurande kabla ya kupima kwa pima maji kama fremu imeinama.

Sakafu inayovimba bila kujali msimu

Dalili hii lazima itenganishwe na ile iliyotangulia. Sakafu ikipanda mwaka mzima, hata kwenye kiwanja chenye moramu nzuri, chunguza mawe ya kifusi yaliyowekwa chini yake. Yapo mawe yaliyotokana na tope lililoganda na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka, kama miamba tope ya zama za Jurasiki inayojitokeza bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Yakitoka machimboni ni magumu, na nyundo hulia juu yake. Chukua vipande vichache vilivyokaushwa juani uvitumbukize kwenye ndoo ya maji. Baadhi vitabaki vilevile hata kesho yake. Vingine vitaanza kutoa viputo, vitapasuka kwa vipande bapa, na baada ya muda vitalala chini ya ndoo vikiwa tope. Mawe ya aina hii ya pili hushusha sakafu yakilowa.

Yanayoinua sakafu ni miamba tope yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya dhahabu. Pairaiti ikikutana na hewa na unyevu hutoa asidi ya salfa. Asidi hiyo ikikuta kalsaiti, madini yanayounda mawe ya chokaa, ndani ya mawe hayo, hufanyika fuwele za jasi zinazochukua nafasi kubwa kuliko madini ya awali. Nchini Ireland, nyumba nyingi za eneo la Dublin zilizojengwa miaka ya 2000 ziliharibika sakafu kwa sababu hii, na tiba ilikuwa kuondoa kifusi chote. Hapa mifereji ya mvua haitasaidia, na ndiyo maana nimesisitiza kuzitenganisha dalili hizi mbili.

Shimo la maji machafu lisilonywa

Mwenye nyumba husema kwa uchungu kwamba shimo lilipimwa na likapita, nalo hakika lilipita, ila lilipimwa Septemba. Udongo mweusi wa kiangazi una nyufa zinazoshuka mita moja na zaidi, na ndoo ya maji ikimwagwa humo hupotea mara moja. Siku chache baadaye tabaka zimevimba, nyufa zimefunga, na maji hupenya kwa chini ya milimita 1 kwa siku. Kipimo sahihi huanza kwa kulijaza shimo la majaribio maji na kuyaongeza usiku kucha, ndipo mwendo wa kushuka upimwe kesho yake. Bila kulowesha kwanza, unakuwa umepima nyufa.

Shimo lililonywa vizuri miaka kadhaa kisha likagoma linaweza kuwa na sababu nyingine juu ya matope na mafuta ya jikoni yanayoziba kuta zake. Sabuni za unga zina chumvi nyingi za sodiamu. Maji ya kufulia yanapoingia shimoni mwaka hadi mwaka, sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu baina ya tabaka, chembe huachana, na vinyweleo vya udongo huziba. Kuchimba shimo la pili kandokando, kama wengi wanavyofanya, huahirisha tu tatizo. Ni heri kutenganisha maji ya kufulia na ya choo, kuyapeleka ya kufulia kwenye kitanda kipana na kifupi cha mchanga ulioletwa, kilichoinuliwa juu ya ardhi na kupandwa migomba inayoyanywa, na kukiweka upande wa chini wa mteremko. Shimo lililo karibu na ukuta, hata likifanya kazi vizuri, linalowesha msingi upande mmoja, na hapo utakuwa umerudi kwenye ufa wa kona.

Lambo lenye maji yasiyotakata

Wafugaji wa mbugani hulalamikia maji ya lambo yanayobaki na rangi ya chai ya maziwa miezi mingi baada ya mvua. Chembe za mfinyanzi zenye sodiamu zina chaji inayozifanya zisukumane, hivyo hazishikani wala kutua. Tia maji hayo kwenye chupa mbili, moja uiongeze unga kidogo wa shabu au wa mbegu za mlonge zilizotwangwa, ukoroge. Ikitakata mapema na nyingine ikabaki ilivyo, tatizo ni chembe zilizotawanyika. Unga wa mlonge hufanya kazi kwa sababu una protini zenye chaji chanya zinazozikusanya chembe hizo. Kutakata huku hakuui vijidudu vyote, kwa hiyo maji ya kunywa bado yachemshwe.

Udongo huohuo ukiwa kwenye tuta la lambo ni hatari zaidi. Chukua bonge dogo, ulitumbukize kwenye kikombe cha maji ya mvua bila kulikoroga, usubiri saa moja. Wingu jeupe likilizunguka bonge na kuenea chini ya kikombe, udongo unatawanyika, na tuta linaweza kutobolewa na maji kwa ndani, kuanzia kwenye ufa mdogo wa ukaukaji, hasa lambo linapojaa mara ya kwanza. Usitumie maji ya kisima yenye chumvi kwa kipimo hiki, maana chumvi huzishikanisha chembe na kuficha ubaya wake. Mashimo yakionekana upande wa nyuma wa tuta, punguza maji, fukua sehemu hiyo yote, changanya udongo na jasi au chokaa, kisha uushindilie ukiwa na unyevu. Kalsiamu iliyomo hufukuza sodiamu na kurudisha mshikamano.

Chokaa iliyoshindwa

Chokaa iliyozimwa, ikichanganywa na udongo mweusi kwa asilimia 4 hadi 8 ya uzito mkavu, hupunguza kuvimba mara moja kwa kubadilisha ioni, kisha kwa majuma na miezi hujenga mshikamano unaofanana na wa saruji, kwa kuwa ualkali wake mkali, wa pH 12.4, huyeyusha silika na alumina za mfinyanzi wenyewe. Ikiwa haikufanya kazi, mara nyingi mabonge hayakuvunjwa vizuri, au chokaa ilikuwa ya zamani iliyokwisha kunywa hewa ukaa kwenye mfuko uliotoboka, au haikuhifadhiwa na unyevu baada ya kushindiliwa.

Lakini ikiwa udongo uliotiwa chokaa umevimba kuliko ulivyokuwa, tazama kama una jasi, ambayo kwenye maeneo makavu huonekana kama fuwele ndogo zinazometa zikielekezwa juani. Salfeti ya jasi, chokaa na alumina ya mfinyanzi hutengeneza fuwele nyingine zinazobeba maji mengi sana na kupasua barabara au sakafu nzima. Jasi inayolitibu tuta la lambo ndiyo inayoharibu sakafu ya chokaa, kwa hiyo pima salfeti maabara kabla ya kuagiza chokaa kwa lori.

Kuziba nyufa kuje mwisho kabisa, baada ya mifereji, baraza na mabomba kurekebishwa na daftari lako kuonyesha kwamba upana wa ufa haukubadilika kwa masika moja na kiangazi kimoja. Ukuta wa tofali uzibwe kwa mota dhaifu ya mchanga na saruji yenye chokaa badala ya saruji tupu, kwa sababu saruji tupu ni ngumu kuliko tofali, na mwendo wowote mdogo utakaobaki utaivunja tofali iliyo pembeni.